Makaburi ya Minara: Kuzuru Mawe ya Waliotutangulia

Mnarani, mji mkale ulio juu ya jabali upande wa kusini wa hori la Kilifi, hunasibishwa jina lake na mnara usiokuwa wa msikiti. Ni mnara wa kaburi: nguzo ya mawe iliyosimama wima juu ya ukuta wa kaburi, karibu na magofu ya msikiti wa Ijumaa na mbuyu mkubwa. Wengi wetu tumeupita mara nyingi tukielekea Malindi, tukiwa na haraka zetu, pasi na kushuka garini.

Makaburi ya namna hii yametawanyika katika mwambao wote, tangu kusini mwa Somalia hadi Tanzania. Malindi yapo mawili ubavuni mwa msikiti wa Ijumaa ulio karibu na bahari. Yapo Gede, yapo Manda na visiwa jirani vya Lamu, na ukivuka mpaka utayakuta Kunduchi na Kaole. Nguzo nyingine ni za mviringo, nyingine za mraba, nyingine zina pembe sita au nane, na zipo zilizochongwa mbavu mbavu kama gogo lililopigwa randa. Zote zimejengwa kwa matumbawe. Tumbawe la baharini lilikatwa lingali laini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Mawe magumu ya nchi kavu yalijaza kuta. Na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Hakuna kilicholetwa kutoka mbali isipokuwa pambo.

Na pambo lenyewe lilikuwa la fahari. Katika nguzo nyingi walipachika bakuli za sini zilizotoka Uchina, za kijani kibichi au za buluu na nyeupe, zikaangalia nje kama macho. Leo mara nyingi utaona tundu la duara tu. Bakuli nyingine zilianguka pamoja na nguzo zake, nyingine zilihifadhiwa katika makumbusho, na nyingi zilibanduliwa na watu wasiojulikana wakaenda nazo. Pale Mambrui nguzo iliyokuwa na bakuli hizo ilianguka zamani.

Kwa nini nguzo? Wataalamu hawajakubaliana. Wapo walioihusisha na desturi kongwe za bara za kusimamisha mawe makaburini. Huko Tiya, kusini mwa Addis Ababa, yapo makumbusho 36 ya mawe yaliyosimamishwa, mengi yakiwa yamechongwa alama za panga. Wengine huona kwamba ni ubunifu wa mafundi wa pwani wenyewe. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, kwa sababu ya kazi yenyewe: nguzo hizi ni za watu waliojenga misikiti kwa mawe hayo hayo na mikono hiyo hiyo. Lakini si lazima jibu moja lifute jingine.

Kwa familia iliyoko Mombasa, pa kuanzia ni Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa. Mji huu ulisitawi katika karne ya 14, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Upande wa pwani kabisa upo msikiti, na nyuma ya ukuta wake wa kibla lipo kaburi lenye hati ya Kiarabu iliyochongwa katika tumbawe. Ni aya ya 185 ya Surat Al-Imran, ile inayozungumzia mauti yatakayoifikia kila nafsi, malipo ya Siku ya Kiyama, na udanganyifu wa starehe za dunia. Mtoto wa chuoni aliyefika sura hiyo anaweza kuketi mbele ya jiwe akaitafuta herufi moja moja. Mwandiko si ule wa msahafu wake, kwa hivyo atachukua muda. Mwacheni auchukue. Katika ziara nzima, sidhani kuna kitu kitakachomkaa moyoni kama kuyatambua kwa macho yake maneno aliyoyahifadhi, yaliyochongwa na fundi wa miaka mia sita iliyopita.

Msikiti huo una jambo jingine la kutazamwa na akina mama. Kando ya ukumbi wa sala pana chumba cha pembeni ambacho wachunguzi wa magofu wanakihesabu kuwa kilikuwa cha wanawake. Kwa wale waliozoea kuambiwa kuwa nafasi ya wanawake msikitini ni jambo la juzi, kuta zile zina jawabu lake.

Gede inajulikana zaidi, hasa tangu ilipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na sitaieleza kwa urefu. Ila msikimbilie kasri na visima mkaliacha kaburi la tarehe. Hati yake yasema mwaka 802 Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 14 Miladia, na James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mji huo mwaka 1948, alilitegemea sana katika kukadiria umri wa majengo mengine.

Sasa tuseme juu ya adabu, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Nimeona watoto wakipanda juu ya kuta za makaburi kupigwa picha, na wazazi wao ndio wanaoshika simu. Nimeona majina ya wapenzi yaliyoandikwa kwa mkaa. Mtume (s.a.w.) alikataza kukalia makaburi, na haikusemwa kwamba kaburi likizeeka katazo huondoka. Hawa ni maiti wa Kiislamu. Wapewe salamu, waombewe dua, kisha chakula kiliwe mbali, chini ya miti. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya wanawake kuzuru makaburi, na mwenye shaka amwulize shekhe wake kabla ya safari.

Watoto nao watauliza swali lao: ikiwa tumekatazwa kujenga juu ya makaburi, mbona wazee wetu walijenga minara? Msiwanyamazishe. Waambieni kwamba katazo lipo, kwamba wazee wale walikuwa Waislamu waliosali na kuandika Qur'ani juu ya mawe, na kwamba watu wa kila zama wana mambo yao watakayoulizwa. Kuyahifadhi mawe yale kama ushahidi wa historia hakumlazimishi mtu kuyaiga.

Makaburi yaliyo katika magofu yanayotunzwa na Makumbusho ya Taifa yana walinzi. Mengine yamo katika mashamba na vichaka, hayana kibao wala njia, na hayo ndiyo yanayopotea. Kiwanja huuzwa, tingatinga huja, na mawe huishia katika msingi wa nyumba. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inalinda mabaki kama haya, lakini sheria haiwezi kulinda kisichojulikana. Bibi zetu wanajua wapi palikuwa na kaburi la mawe na waliliitaje. Waulizeni wangali wazima, andikeni, mkaijulishe ofisi ya makumbusho iliyo karibu.

Kwa walioko Lamu, ziara nzuri kuliko zote ni Takwa, kisiwani Manda. Mji huo ulikaliwa kwa takriban miaka mia mbili, ukahamwa karibu na mwisho wa karne ya 17. Inasemekana maji ya visima yaliingia chumvi, na watu wakavuka kwenda Shela. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la mnara lenye hati ya mwaka 1094 Hijria, sawa na 1683. Watu wa Shela hawakulisahau. Wamekuwa wakivuka kwenda kulizuru na kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Tazameni pia msikiti wake, wenye nguzo iliyoinuka juu ya ukuta wa kibla.

Njia ni mashua, kupitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na hupitika maji yakijaa. Mwulizeni nahodha saa ya maji kabla hamjafunga chakula, na akiwaita kurudi, rudini. Yakishakupwa, mashua hulala matopeni, nanyi mtangoje maji mengine.