Taja aina kwanza, jina baadaye

Steshenari iliyo jirani na chuo hubeba maisha ya mtaa mzima ndani ya kompyuta moja. Humo mna barua za maombi ya kazi, kadi za mchango wa harusi, mitihani ya majaribio, mihtasari ya vikao vya vikoba, picha za pasipoti. Anaingia kijana: "Dada, habari za kazi? Ile CV yangu uliyonichapia mwezi uliopita, naomba nakala mbili." Dada anaandika "cv" kwenye kisanduku cha kutafutia, na skrini inajaa. Kuna CV za Word, CV za PDF, CV zilizopigwa picha kwa simu, folda tatu zenye jina CV MPYA, na mafaili ya programu ambayo kwa bahati tu yana herufi c na v zikifuatana. Foleni inaongezeka, na mmoja ameshaanza kuguna.

Mashine ndiyo hulaumiwa kuwa nzito, ilhali mara nyingi imefanya kazi yake sawasawa na swali ndilo lililokuwa pana mno. Jina la faili ni msaada dhaifu wa kutafutia, kwa sababu aliyelitunga alikuwa na haraka. "Barua", "barua mpya", "barua final", "barua final kabisa": nani atakumbuka ipi ilitumwa? Aina ya faili haisahauliki kirahisi hivyo. Mtu anaweza asijue aliuhifadhi mkataba wake kwa jina gani, lakini anajua ulikuwa PDF kwa sababu ndivyo mwanasheria alivyomtumia, na bajeti ilikuwa Excel kwa sababu aliipigia hesabu humo.

Hapo ndipo vizinduzi vinapofaa. Kizinduzi ni programu inayokaa kimya hadi mtumiaji abonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Kwenye Mac, Spotlight huitwa kwa Command na kitufe cha nafasi; kwenye Windows, PowerToys Run ilikuja na Alt na kitufe hicho hicho. Kisanduku kinachomoza, unaandika herufi chache, unabonyeza Enter, umefika. Quicksilver iliipa njia hii umaarufu kwa watumiaji wa Mac kuanzia 2003, Apple ikaja na Spotlight yake 2005, Alfred ikazaliwa Uingereza 2010, na Microsoft ikatoa PowerToys Run 2020. Mwanzoni wengi walivitumia kufungulia programu tu. Kutafuta mafaili ndiko kunakodai ustadi kidogo.

Kwa mwenye Windows, pa kuanzia ni Everything, programu ya bure kutoka voidtools. Kasi yake inashangaza, lakini si miujiza. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS hutunza rejesta kuu ya mafaili yake yote, na Everything husoma rejesta hiyo moja kwa moja badala ya kuingia folda moja baada ya nyingine. Watengenezaji wake wanasema Windows 10 mpya, yenye mafaili kama 120,000, huorodheshwa kwa sekunde 1 hivi, na mafaili 1,000,000 kwa dakika 1. Anayependa kisanduku cha kuchomoza anaweza kuweka Flow Launcher, ambayo inaweza kuitumia Everything kama injini ya kutafutia.

Turudi steshenari. Dada akiandika cv ext:doc;docx, picha, PDF na folda zote zinaondoka kwa mpigo. Neno ext: linaamuru kutazama kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, na nukta-mkato hutenganisha viendelezi kadhaa. Akiongeza dm:lastmonth, yanabaki mafaili yaliyoguswa mwezi uliopita tu. Akiongeza na jina la ukoo la mteja, huenda likabaki faili moja.

Lakini kiendelezi kina mtego wake, na WhatsApp huuonyesha vizuri. Picha iliyopakuliwa kupitia WhatsApp ya kwenye kompyuta huwa na jina refu linaloanza na maneno WhatsApp Image, kisha tarehe na saa, na mwisho wake ni .jpeg. Picha iliyohamishwa kutoka folda ya WhatsApp ya simu ya Android kwa kawaida huishia na .jpg. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa Everything, ext:jpg haigusi .jpeg hata kidogo, na mtumiaji huapa kwamba picha ya kitambulisho imepotea wakati iko pale pale kwenye Downloads. Dawa ni kutaja ukoo mzima: pic: kwa picha zote, audio: kwa sauti, video: kwa video, doc: kwa nyaraka. Hata hivyo doc: nayo ni pana kuliko inavyodhaniwa, kwani huchukua Word, PDF na hata kurasa za tovuti zilizohifadhiwa.

Mac inakwenda kwa njia nyingine, na kwa hili Apple walifikiri vizuri zaidi. Tangu 2005 mfumo wao huipa kila aina kitambulisho na kukiweka chini ya ukoo wake. Faili la .jpg na la .jpeg yote husomeka kama public.jpeg, nayo public.jpeg iko chini ya public.image pamoja na PNG na nyinginezo. Ndiyo maana kwenye Spotlight ukiandika kind:image unapata picha za kila namna bila kuhesabu viendelezi.

Alfred imejengwa juu ya msingi huo. Toleo la bure linatosha kutafuta kwa jina: ukibonyeza kitufe cha nafasi kabla ya kuandika, kisanduku huacha programu na kushughulikia mafaili. Kuchuja kwa aina hasa kuko kwenye Powerpack, ambayo ni ya kulipia, katika kipengele cha File Filter. Unachagua neno lako mwenyewe, tuseme "risiti". Kisha unakokota faili moja la PDF na kulidondosha kwenye orodha ya aina, na Alfred inasoma kitambulisho chake yenyewe. Mwisho unaonyesha folda ya kupekuliwa. Tangu hapo ukiandika "risiti umeme", hazitokei picha wala lahajedwali. Alfred hutegemea faharasa ya Mac yenyewe, kwa hiyo folda uliyoizuia isisomwe na Spotlight haitaonekana na Alfred pia.

Kiendelezi, hata hivyo, ni lebo tu, na lebo inaweza kudanganya. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichotokea Ufilipino, kilisambaa duniani kwa barua pepe yenye faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha viendelezi inavyovifahamu, basi wengi waliona .TXT, wakadhani ni maandishi ya kawaida, wakafungua. Mamilioni ya kompyuta yaliathirika. Aina halisi hujulikana kwa herufi za mwanzo kabisa ndani ya faili: PDF huanza na %PDF, na faili la zip huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyeubuni mfumo huo. Faili la .docx nalo huanza na PK, kwa kuwa kwa ndani ni zip. Vizinduzi havifiki huko. Huamini lebo, na anayekuja na CV iliyogeuzwa jina kutoka .jpg kuwa .pdf hatasaidiwa na kichujio chochote.

Usipoona .docx wala .jpeg mwishoni mwa majina ya mafaili yako, Windows bado inaficha viendelezi. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Fanya hivyo kabla ya kupakua kizinduzi chochote.