Kikombe Kilichopakwa Fedha

Mwaka 1963 serikali ya Japani ilianza kumtunukia kila raia aliyejaaliwa kutimiza miaka 100 kikombe kidogo cha fedha cha kunywea sake, na wakati huo wenye umri huo walikuwa watu 153 tu katika nchi nzima. Lakini umri ulizidi kurefuka, hata wakapita 60,000, gharama ya takrima ile ikaielemea hazina, na tangu mwaka 2016 vikombe vikawa vya madini duni vilivyopakwa fedha kwa juu.

Pensheni ya huko imepitia njia iyo hiyo. Tangu mwaka 1961 kila raia amehesabiwa humo, na wengi hudhani kwamba anachokatwa mtu mshaharani huwekwa kando kwa jina lake, mithili ya senti katika kibubu, kikamngoja hata astaafu. Sivyo. Akiba ipo, tena kubwa, lakini sehemu kubwa ya mchango wa leo huliwa leo na mzee wa leo, na mchangaji hubaki na ahadi tu, kwamba watakaozaliwa nyuma yake watamtendea yeye kama alivyowatendea waliomtangulia. Ahadi hiyo haina taabu maadamu vijana ni wengi. Huko Japani takriban watu 3 katika kila 10 wametimiza miaka 65, na watoto wazaliwao hupungua mwaka hadi mwaka.

Basi mwaka 2004 sheria ilibadilishwa: mchango wa mwajiriwa, ambao nusu yake hulipwa na tajiri wake, ukawekewa kikomo cha 18.3 kwa mia ya mshahara, na pensheni yenyewe ikaruhusiwa kupanda polepole kuliko bei na mishahara. Kikombe ni kilekile, fedha ndiyo nyembamba.

Tangu 2022, anayekubali kuingojea pensheni yake hadi miaka 75 huongezewa 0.7 kwa mia kwa kila mwezi aliosubiri baada ya 65, jumla 84 kwa mia, hesabu ambayo humtaka mtu akisie ajali yake, kwa maana ya kale ya neno hilo, yaani siku yake ya kufa. Waliothubutu ni wachache mno. Walio wengi huchukua chao wafikapo 65 au kabla, na zaidi ya nusu ya wenye miaka 65 hadi 69 wangali kazini.