Umenunua trekta? Usiulize ekari, uliza filta!

USIDANGANYIKE msomaji wangu, trekta haliuawi na jembe. Trekta linauawa na vumbi, maji, dizeli chafu na dereva mwenye haraka. Kulima ndiyo kazi yake, halijawahi kulalamika. Linalolimaliza ni vile vitu vidogo ambavyo mwenye mali aliyeko mjini hata haviulizi.

Nimeamua kuligusa hili kwa sababu hapa Lindi, ukikaa kijiwe chochote cha Rasbura jioni, stori haiishi. Ufuta unalipa, korosho zinalipa, basi tuchange mshiko tuvute trekta. Wengine hawajashika hata jembe la mkono tangu wazaliwe, lakini tayari wanaitwa 'tajiri' na dereva wao. Mjini shule bwana, sina ubaya na hilo. Ubaya ni pale tajiri anapopiga simu shamba kila jioni na swali lake ni moja tu: "Leo mmelima ekari ngapi?"

Mimi mwenyewe nimo katika mchezo huu. Mjomba wangu na sisi wapwa zake watatu tumechangia trekta moja la nguvu ya farasi 50, na deni lake tunalilipa kidogo kidogo. Mjomba ndiye mkubwa wa mali, kaka yangu yuko shambani, na mimi niliyebaki hapa Rasbura nimekabidhiwa daftari. Likifa hilo trekta, deni halifi. Kwa hiyo ninayoyasema nayaishi.

SOMO LA KARANGA

Sisi watu wa mkoa huu, kwa kweli, tusingehitaji kufundishwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango wao mkubwa wa karanga, Kongwa kule Dodoma, Urambo kule Tabora, na hapa kwetu Nachingwea. Walikuja na mitambo si mchezo. Mingi ilikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, na mingine ilikuwa vifaru kabisa, aina ya Sherman, vilivyogeuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick.

Kilichotokea? Mitambo mingi ilifika ikiwa imeshachoka, vipuri vikawa taabu kupatikana, waendeshaji wakafundishwa harakaharaka, na udongo wa Kongwa ukawa unayala majembe kama msasa. Ukiongeza mvua iliyogoma, kasheshe ikawa kubwa. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono, pauni kama milioni 36 zikiwa zimeyeyuka. Hata reli iliyojengwa huku Kusini kwa ajili ya karanga hizo ilikuja kufungwa mwaka 1962.

Sasa jiulize. Kama serikali nzima yenye pauni zake ilihenyeshwa na mashine, wewe na mkopo wako utaponea wapi usipokuwa makini?

HESABU SAA, SI EKARI

Gari tunalihesabu kwa kilomita. Trekta linahesabiwa kwa saa, na kwenye dashibodi kuna mita yake inayozihesabu. Hiyo mita ndiyo kitu cha kwanza kuijua, kwa sababu huduma zote zinakwenda nayo.

Matrekta mengi mapya hutakiwa kumwagwa oili ya injini na kubadilishwa filta yake baada ya saa 50 za mwanzo. Ukifanya kazi saa 10 kwa siku, hizo ni siku tano tu! Mtu bado anatembeza soda kwa jamaa waliokuja kumpongeza, kumbe oili yake imeshaisha muda. Sababu yake ni rahisi. Vyuma vipya vinaposuguana mara ya kwanza hutoa chembechembe, na chembe hizo huingia kwenye oili. Ukiziacha humo zinaendelea kusaga.

Baada ya hapo, matrekta mengi hubadilishiwa oili kila saa 250, mengine mapema zaidi. Usibishane na mtu kijiweni kuhusu hilo. Kile kitabu kilichokuja na trekta ndicho hakimu. Kitoe kwenye nailoni, kisome, na kama lugha yake inakupiga chenga mtafute fundi akueleze ukurasa wa huduma, wewe andika.

Katika hizo saa 50 za mwanzo, trekta halitakiwi kubebeshwa kazi nzito mfululizo kama punda wa kukodi. Pia lisiachwe likiunguruma bila kazi nusu siku, wala lisikimbizwe barabarani na tela la mchanga. Nati za magurudumu nazo zikazwe upya baada ya siku ya kwanza ya kazi, kisha ziangaliwe mara kwa mara, maana zikiwa mpya hulegea.

NUSU SAA YA ASUBUHI

Kila asubuhi, kabla ya ufunguo kuzungushwa, trekta likiwa mahali tambarare na injini imepoa, dereva apewe nusu saa. Kwanza achomoe kijiti cha oili, akifute, akirudishe, akichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia, na hapo hakuna kuwasha, anaitwa fundi.

Pili, maji ya rejeta. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Aangalie pia yale mapezi ya rejeta, kwa sababu mabua na mbegu za nyasi hujibana humo, upepo haupiti, injini inachemka na silinda hedi inapinda.

Tatu, na hapa naomba utulie, filta ya hewa. Injini ya lita 3 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inanyonya karibu lita 3,000 za hewa kila dakika. Umelielewa hilo? Kila dakika! Na hewa ya nyuma ya jembe la sahani wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Vumbi likipenya linageuka msasa ndani ya silinda, ringi zinalika, trekta linaanza kutoa moshi wa bluu, linakunywa oili na asubuhi linakataa kuwaka.

Kuna kikundi kimoja cha jirani zetu kiliipata hiyo. Dereva aliona trekta linakosa nguvu, akaitoa filta na kuitupa pembeni, ati ili "lipumue vizuri". Kweli likapumua. Msimu haukuisha, injini ikafa. Fundi alipofungua alikuta silinda zimechimbika. Trekta liko juu ya magogo na rejesho la mkopo linakuja kila mwezi.

Filta za hewa ziko za aina mbili. Ya karatasi haioshwi kwa petroli wala haibamizwi kwenye tairi. Inagongwagongwa taratibu, au inapulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukitia tochi ndani yake na ukaona mwanga umepenya mahali kama tundu, imekwisha, nunua nyingine. Ya pili ni ile ya bakuli la oili. Hiyo unamwaga oili chafu, unasafisha bakuli, unatia mpya hadi kwenye alama. Usizidishe, injini inaweza kuinyonya. Wakati wa vumbi kali hii ni kazi ya kila siku.

Nne, grisi. Zile nipo zote zipigwe grisi mpaka ile chafu itokeze, hasa za mbele kwenye usukani na za mikono ya nyuma inayonyanyua jembe. Nipo ifutwe kwanza, la sivyo unasindilia mchanga ndani. Mwisho upepo wa tairi na mkanda wa feni. Basi, nusu saa imekwisha na trekta linaingia shamba.

CHUMVI YA BAHARI, DIZELI YA PIPA

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, tena tumezoeana naye, ule upepo wa bahari. Hewa yenye chumvi inakula vyuma kimyakimya. Trekta linalolala Rasbura, Mchinga au Kilwa Masoko linahitaji kuoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kulazwa chini ya paa. Vichwa vya betri vipakwe vaselini, ndiyo hiyo hiyo ya kujipaka. Msimu ukiisha, sahani za jembe zisafishwe na zipakwe grisi kabla ya kuwekwa, usije ukazikuta zimevaa koti la kutu.

Dizeli nayo ina mambo. Shambani hakuna kituo, tunapeleka kwa pipa na madumu. Pipa likifika liache litulie usiku mzima, uchafu na maji vishuke chini, halafu uchote juu, na uchujie kwa kitambaa safi. Lile bonde la chini usiliguse. Tanki la trekta lijazwe jioni, siyo asubuhi. Tanki tupu usiku linatoka jasho kwa ndani, na jasho hilo ni maji. Maji yakifika kwenye pampu na nozeli yanaziozesha, na hivyo ni vifaa ambavyo bei yake itakukosesha usingizi. Kile kikombe cha chini ya filta ya dizeli kikionyesha maji, kifunguliwe yamwagike.

DEREVA NAYE ANATAKA GRISI

Sasa turudi kwa tajiri na simu yake. Dereva wengi hulipwa kwa ekari. Kwa hiyo nusu saa ya asubuhi, kwake yeye, ni hela inayopotea. Unategemea aache ekari yake akapige grisi chuma chako? Hata mimi nisingefanya!

Sisi tulichofanya ni hiki. Dereva wetu analipwa ekari zake, lakini kuna posho ya matunzo pembeni, anaipata mwisho wa wiki kama daftari limejaa na kaka amethibitisha kwa macho. Jioni napiga simu, naandika vitu vitano: mita inasoma ngapi, oili ilikuwaje, filta imesafishwa au la, dizeli imeingia lita ngapi, na kuna mlio gani mpya. Ekari nauliza mwisho. Lita zikizidi wakati saa ni zile zile, najua kuna kitu, ama injini ama ujanja.

Na mtunze dereva mwenyewe. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja kabla ya kuingia barabarani, kwa sababu ukikanyaga moja peke yake kwenye mwendo trekta linajizungusha na kupinduka. Hakuna kupakia washikaji kwenye madigadi, hata kama ni shemeji. Na ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine haisogelewi injini ikiwa inawaka. Kanga, shati linaloning'inia, mkono wa kanzu, vyote inavivuta na mwenyewe ndani yake.

Mjomba ana kauli yake anayopenda kuniambia: "Mwanangu, ng'ombe akiumwa analia, trekta likiumwa linanyamaza." Ndiyo maana nashika daftari. Wewe mwenzangu unayesubiri trekta lako lishushwe, tafuta la kwako leo, la kurasa 200, kabla hata hujatafuta dereva. Kazi kwako.