Mihadhara Iliyogeuka Manowari: Historia ya Vita vya Baharini na Pwani ya Afrika Mashariki

UTANGULIZI

Mhadhara ni maneno, na wengi huyachukulia maneno kuwa upepo upitao. Hata hivyo, historia imeshuhudia mihadhara ambayo athari yake ilivuka kuta za ukumbi ilimotolewa, ikavuka na bahari, ikawafikia watu wasiowahi kulisikia jina la mhadhiri. Mojawapo ni ile iliyotolewa kuanzia mwaka 1886 katika mji wa Newport nchini Marekani kuhusu historia ya vita vya baharini. Makala haya yananuia kueleza chimbuko la mihadhara hiyo, hoja zake kuu, na jinsi hoja hizo zilivyokuja kufungamana na pwani ya Afrika Mashariki. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba historia ya manowari si mali ya wanamaji peke yao.

CHIMBUKO LA MIHADHARA

Chuo cha Vita vya Majini cha Marekani kiliasisiwa mwezi Oktoba 1884, katika jengo lililokuwa hapo awali makao ya maskini. Mwasisi wake, Stephen B. Luce, aliamini kuwa afisa wa majini hapaswi kufunzwa kuendesha chombo na kulenga mzinga tu, bali pia kutafakari sababu za ushindi na za kushindwa. Alimwalika kuwa mhadhiri Alfred Thayer Mahan, ambaye wakati huo alikuwa akiongoza merikebu ya kivita katika pwani ya Amerika ya Kusini.

Baadaye Mahan alieleza kuwa wazo lake la msingi lilimjia mjini Lima, nchini Peru, alipokuwa akisoma historia ya Roma katika maktaba ya klabu ya Waingereza. Alijiuliza: mambo yangalikuwaje lau Hannibal wa Carthage angaliivamia Italia kwa njia ya bahari badala ya kuzunguka nchi kavu? Swali hilo ndilo lililozaa mihadhara aliyoanza kuwatolea maafisa wachache mwaka 1886. Mnamo 1890 mihadhara hiyo ilichapishwa kama kitabu kuhusu nafasi ya nguvu za baharini katika historia ya miaka ya 1660 hadi 1783, na kile kilichokuwa somo la darasani kikawa mjadala wa hadhara duniani.

HOJA KUU ZA MAHAN

Kwa mujibu wa Mahan, nguvu za taifa baharini hutegemea mambo sita: mahali nchi ilipo, umbile la pwani na bandari zake, urefu wa pwani hiyo, idadi ya watu, tabia ya watu hao hasa katika biashara, na tabia ya serikali yao. Alisisitiza kuwa bahari ni njia kuu ya biashara, na kwamba anayeitawala njia hiyo humdhibiti hata adui aliye nchi kavu. Hali kadhalika, meli za kivita zinahitaji vituo vya kutia nanga, kukarabatiwa na kujaziwa makaa ya mawe.

Kanuni hii ina mfano wake mjini Mombasa. Ngome Kuu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zake zilikuwa imara, lakini uhai wa waliokuwamo ulitegemea misaada iliyoletwa na merikebu. Mojawapo ya merikebu hizo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Hatimaye ngome ilitekwa. Ukuta bila bahari haukufaa kitu.

KUTOKA NEWPORT HADI RUFIJI

Miongoni mwa wasomaji wa Mahan alikuwa Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, ambaye mwaka 1894 alitangaza kuwa alikuwa akikisoma kitabu hicho kwa uchu mkubwa. Mwaka 1898 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuunda manowari nyingi, na mwaka 1900 ikapitisha nyingine kubwa zaidi. Ni kweli kwamba kitabu pekee hakiundi meli. Tamaa ya makoloni na ushindani na Uingereza vilikuwapo tayari. Walakini, Mahan aliipa tamaa hiyo lugha ya kitaalamu.

Mojawapo ya manowari za enzi hiyo, Königsberg, iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Vita vilipozuka, iliishambulia manowari ya Uingereza, Pegasus, tarehe 20 Septemba 1914, ilipokuwa Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ilizama. Baada ya ushindi huo Königsberg, iliyokuwa na hitilafu ya mitambo na haina bandari salama ya kuikimbilia, ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza wakaziba milango ya delta. Mahan alifariki tarehe 1 Desemba 1914, wakati manowari hiyo ikiwa imenaswa miongoni mwa mikoko kwa kukosa vile vituo alivyovisisitiza.

Kwa kuwa manowari kubwa hazikuweza kupita katika maji machache ya delta, Waingereza walileta Severn na Mersey, vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya mito. Zikiongozwa na ndege zilizochunguza mahali makombora yalipoangukia, zilishambulia tarehe 6 na 11 Julai 1915, na Wajerumani wakaiharibu manowari yao wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kupelekwa bara. Wapagazi Waafrika walilazimika kuikokota kwa kamba porini, milimani na matopeni. Vita viliendelea hadi Novemba 1918, na maelfu ya wapagazi wa pande zote walifariki kwa maradhi, njaa na uchovu. Ama kwa hakika, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

ATHARI KATIKA LUGHA

Mahan hakuisahau Bahari ya Hindi, lakini katika kitabu chake inajitokeza kama uwanja wa Waingereza na Wafaransa. Mtu wa pwani hana sauti humo. Kumbukumbu yake imo katika lugha. Neno “manowari” lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza, nalo majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yanatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Anayetaja mitaa hiyo akienda sokoni anawataja, bila ya kujua, waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

HITIMISHO

Imebainika kuwa mihadhara ya historia huweza kuchochea matendo makubwa, na kwamba anayesimulia huamua nani ataonekana na nani atasahaulika. Newport ilisimulia bahari kutoka kwenye sitaha ya manowari. Vyuo vya Afrika Mashariki vina wajibu wa kuisimulia kutoka ufuoni, tena kwa Kiswahili. Mada za kutosha mwaka mzima wa mihadhara ya hadhara zipo: kuzingirwa kwa Ngome Kuu, vita vya Shela, shambulio la Waingereza dhidi ya kasri la Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896 lililodumu chini ya saa moja, na mkasa wa Rufiji. Mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imehifadhiwa katika Ngome Kuu ya Mombasa. Maadui hao wawili wamepata makumbusho. Waliokufa wakiikokota mizinga bado wanasubiri wasimulizi wao.