Mnunuzi wa nyumba mtandaoni huona picha, huruka hati

MACHO hayana pazia, na wauzaji wa nyumba wanalijua hilo vyema. Mtu anayetafuta makao hufungua tovuti ya matangazo kwa simu usiku, watoto wakisha kulala, na kwa muda mfupi amekwisha kupita nyumba 30 zilizotapakaa kutoka Ruiru hadi Kitengela. Anaposita, aghalabu ni picha iliyomsimamisha.

Hii si dhana tupu. Miaka ya mwanzo ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Old Dominion katika jimbo la Virginia, Marekani, wakiongozwa na Michael Seiler, waliwaonyesha watu matangazo ya nyumba kwenye kompyuta yenye kifaa cha kufuatilia mwendo wa macho. Karibu washiriki wote waliitazama picha ya kwanza, ile ya nje ya nyumba, kwa takriban sekunde 20. Taarifa za vyumba na ukubwa zilifuata. Ama maneno ya wakala, wengi waliyaruka kabisa.

Mawakala wa huko walijifunza kutafuta mpigapicha hodari zaidi. Mnunuzi wa Kenya ana sababu ya kujifunza jambo jingine, kwani hapa hasara kubwa haitokani na sebule iliyopigwa picha vibaya. Hutokana na yale ambayo tangazo halikuyataja.

Picha yenyewe ina hila zake. Lenzi pana hukifanya chumba cha kulala kionekane kama ukumbi. Dawa yake ni kuomba vipimo na kuvilinganisha na chumba ambacho mnunuzi anakijua, mathalan anacholala yeye. Picha moja huweza kutumika katika matangazo mawili ya mitaa tofauti, na tovuti za utafutaji zenye uwezo wa kutafuta kwa picha hulifichua hilo kwa dakika moja. Nayo nyumba yenye nyasi za kijani zisizo na doa, watoto wanaocheka na gari jeupe langoni, huenda ikawa bado haijajengwa. Huo ni mchoro wa kompyuta, na anayelipia mchoro anakopesha mjenzi fedha zake. Pengine zitarudi kama nyumba, pengine zisirudi.

Kisha kuna lugha. "Dakika tano kutoka Barabara Kuu ya Thika" ni dakika tano za nani, na saa ngapi? Kwa gari la kibinafsi alfajiri ya Jumapili huenda ni kweli. Kwa anayesubiri bodaboda Aprili, masika yanapomwagika juu ya udongo mweusi unaonata kama gundi, ni hadithi nyingine. "Maji yapo" haisemi kama ni ya mfereji, ya kisima chenye chumvi au ya lori.

Bei nayo huandikwa kwa herufi kubwa, na vinavyoandamana nayo huachwa nje. Nyumba ya Sh8 milioni iliyo mjini hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia nne, yaani Sh320,000, na anayelipa ni mnunuzi. Bado ada ya wakili, na kwa anayechukua mkopo, gharama za benki. Katika majumba ya ghorofa kuna pia ada ya kila mwezi ya ulinzi, lifti na usafi.

Lakini kinachokosekana mara nyingi zaidi ni nambari ya ploti. Kwa mnunuzi makini, nambari hiyo ina thamani kuliko picha kumi. Kwayo ndipo hufanywa upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, ama ofisini ama kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia Nairobi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, mkopo uliowekewa ardhi hiyo dhamana na pingamizi zilizosajiliwa. Muuzaji anayeshikilia kwamba nambari itatolewa baada ya amana kulipwa anamuuzia mtu mbuzi ndani ya gunia. Kwa ghorofa, swali la nyongeza ni kama kila nyumba ina hatimiliki yake chini ya Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020, au wote wangali chini ya hati moja ya ardhi yote.

Hata hati safi haitoshi. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kipande cha ardhi kilicho kando ya bahari, Nyali. Majaji walisema kwamba kwa kuwa ardhi hiyo ilitolewa hapo mwanzo kinyume cha sheria, mnunuzi wa baadaye hakuwa na hati ya kujikinga nayo, ingawa alidai alinunua kwa nia njema. Maana yake ni kwamba wakili sharti afuate historia ya ardhi hadi ilipogawiwa mara ya kwanza. Oktoba mwaka uo huo, nyumba za kudumu zilibomolewa Mavoko katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Picha za nyumba hizo, siku moja kabla, zingependeza kwenye tovuti yoyote.

Aliye ughaibuni ndiye anayetegemea picha kuliko wote. Akiwa Doha au Dallas, humtuma binamu kutazama kwa niaba yake, na binamu hurudi na picha zilezile za sebule. Afadhali amwombe asimame langoni, awashe video, ageuke taratibu: barabara, jirani, nguzo ya umeme, mtaro. Kisha azungumze na mlinzi wa jirani, ambaye kwa kawaida anajua mengi kuliko wakala.

Wakala mwenyewe huchunguzwa pia. Sheria ya Mawakala wa Mali ya 1984 inamtaka asajiliwe na bodi husika, na kuuliza nambari yake ya usajili si utovu wa adabu.

Na fedha? Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Amana iliyotumwa kwa simu kwa mtu ambaye jina lake halimo katika sajili, pamoja na ujumbe wa "nimeipata, karibu nyumbani", haitimizi hata sharti moja kati ya hayo.