Paka Asiyejisikia

Barua iliyonifikia wiki hii imetoka Tanga, kwa mama mmoja anayeishi na wajukuu wawili na paka aitwaye Kidawa. Kidawa ana miaka 16. Kwa miezi mitatu sasa, ikifika saa tisa usiku, husimama katikati ya ukumbi, akaelekeza uso ukutani, akalia. Mama anasema hicho si kilio cha njaa wala cha kutaka kufunguliwa mlango. Ni sauti nzito, ndefu, kama ya mtu aliyepashwa habari za msiba. Jirani mmoja ameshauri aitwe shehe asome. Mwingine ameshauri paka apelekwe sokoni, akaachwe kwenye mabanda ya samaki. Mama hataki hili wala lile. Anauliza Kidawa ana nini, na yeye afanye nini ili watoto wapate usingizi kabla ya kuamka kwenda shule.

Swali hili nimelipenda. Sitaeleza paka alianza lini kufugwa wala kwa nini hulia nyau. Hayo yameandikwa mara nyingi. Nataka tuingie moja kwa moja sikioni, maana humo mna jambo ambalo tangu nilijue sijaacha kulisimulia.

Mwaka 1909, daktari wa masikio wa Paris aitwaye Étienne Lombard alimwekea mgonjwa wake kifaa cha kutia kelele sikioni huku wakizungumza. Kelele ilipoanza, mgonjwa akapaza sauti. Ilipozimwa, sauti ikashuka. Mgonjwa mwenyewe hakujua kwamba amefanya lolote. Lombard akang'amua kuwa sauti ya mtu hupandishwa na kushushwa na sikio lake mwenyewe, bila mwenye sauti kuulizwa. Akaitumia mbinu hiyo kuwanasa waliojifanya viziwi: mtu akidai hasikii, kisha kelele ikatiwa sikioni naye akapaza sauti, basi anasikia. Hadi leo tabia hii inaitwa athari ya Lombard. Imeonekana kwa nyangumi, kwa popo, na kwa ndege waimbao mijini, ambao huongeza nguvu ya wimbo pale magari yanapozidi.

Paka naye anayo. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka akitiwa kelele sikioni huongeza nguvu ya mlio hata kama sehemu ya juu ya ubongo wake, ile ya kuamua na kukusudia, imetengwa isifanye kazi. Kinachobaki ni shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Maana yake ni kubwa. Paka anaweza kuwa na sababu yake ya kulia, lakini ukubwa wa sauti hauamui yeye. Chini kabisa ya ubongo kuna fundi anayepima na kurekebisha, usiku na mchana, naye hahitaji maagizo kutoka juu.

Mwenye tangi la maji juu ya nyumba anamfahamu fundi huyu. Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Maji yakipungua boya linashuka, mkono unafungua koki, maji yanaingia. Yakijaa, boya linapanda na koki inajifunga. Boya halina akili. Halijui kama leo nyumbani kuna shughuli, wala kama bili ya mwezi imekuja kubwa. Linajua kitu kimoja tu, kimo cha maji, na kwa kukijua hicho kimoja nyumba nzima inalala bila wasiwasi. Sasa boya hilo litoboke. Linaingia maji, linakuwa zito, linazama. Tangi limejaa hadi ukingoni, lakini mkono unaambiwa kuwa ni tupu, kwa hiyo koki inabaki wazi. Usiku wa manane maji yanafurika, yanateremka ukutani, yanafika dirishani kwa jirani. Jirani akiamka atalaumu bomba, au mwenye nyumba, au watoto. Fundi anayeijua kazi yake hagusi bomba. Anapanda na ngazi, anafunua mfuniko, anatia mkono hadi begani, na kutoa boya lililozama.

Sikio la Kidawa ndilo boya, na sauti yake ndiyo maji. Akiwa na masikio mazima, paka husikia kuanzia hezi 48, yaani mitikisiko 48 kwa sekunde, hadi hezi 85,000, wakati binadamu kijana huishia kwenye 20,000 hivi. Kila Kidawa alipofungua mdomo, sikio lilipima na shina la ubongo likasema: basi, inatosha. Lakini ndani kabisa ya sikio usikiaji unategemea seli ndogo zenye vinywele, na kwa wanyama wanyonyeshao seli hizo zikifa hazioti tena. Miaka 16 ni uzee mkubwa kwa paka, na huenda seli nyingi za Kidawa zimekwisha kufa. Leo Kidawa akilia, sikio linapeleka habari chini: hakuna sauti. Shina la ubongo linaongeza. Habari inarudi vilevile: bado hakuna. Linaongeza tena. Boya limelala chini ya tangi.

Waliowahi kuishi na paka aliyezaliwa kiziwi wanaijua sauti hiyo hata kwa paka mchanga. Mwanasayansi Darwin aliandika kwamba paka weupe wenye macho ya buluu kwa kawaida huwa viziwi, na wanaowafuga watakueleza jinsi mlio wao ulivyo mkubwa kuliko mwili.

Hapa nalazimika kusimama kwenye neno. Wahandisi wana jina la mzunguko huu wa kitu kujipima chenyewe, nasi tumezoea kuliita mrejesho. Silikatai kwa mitambo, lakini kwa Kidawa halinitoshi. Mrejesho tumekwisha kuupa kazi nyingine: mwenyekiti anaomba mrejesho wa kikao, benki inaomba mrejesho wa wateja. Katika mrejesho huo yupo mtu wa pili anayekujibu. Kwa Kidawa hakuna wa pili. Ni sauti yake inayomrudia yeye. Nimefikiria mwangwi, nao haufai, kwa sababu mwangwi hugonga ukuta kwanza na hufika umechelewa. Kumbe kitenzi tunacho siku zote: kujisikia. Mgonjwa anajisikia vibaya. Mwenye maringo anajisikia. Na msemaji mwenye masikio mazima anajisikia anaposema. Maana hizo tatu ni ndugu, kwa kuwa zote ni habari za mtu zinazomfikia mwenyewe. Basi kama tulivyotoa mtazamo katika kutazama, naomba tutoe mjisikio katika kujisikia. Litamkeni mara mbili tatu. Neno sikio limekaa humo ndani zima, wala sikulitia mimi, lugha imeliweka. Kidawa amepungukiwa na mjisikio.

Na mjisikio hauko kooni tu. Shingoni mwa paka, kama shingoni mwetu, kuna tezi ya thairoidi, ile inayovimba kwa mwenye rovu. Tezi hii hutoa homoni inayoamua mwili uende kasi gani. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayopima homoni hiyo kwenye damu. Ikipungua, pituitari hutuma agizo: toa. Ikizidi, pituitari hunyamaza, na thairoidi hupumzika. Ni tangi lilelile. Mwaka 1979 madaktari wa New York waliripoti paka wazee ambao mzunguko huu ulikuwa umekatika: kwenye tezi kumeota uvimbe, mara nyingi si saratani, unaotoa homoni bila kungoja agizo. Pituitari imenyamaza kabisa, uvimbe hausikii. Safari hii boya ni zima na limeinuka hadi juu, lakini koki haifungiki. Paka anakula sana na bado anakonda, moyo unakwenda mbio, hatulii, na usiku analia. Siku hizi ugonjwa huo ni miongoni mwa magonjwa ya homoni yanayoonekana zaidi kwa paka wazee duniani. Unatambuliwa kwa kipimo cha damu na unatulizwa kwa vidonge vya methimazole au carbimazole, dawa zilezile wanazopewa watu.

Presha nayo ni mjisikio uliolegea. Shinikizo la juu la damu ya paka likizidi 160, macho, figo na ubongo huweza kuanza kuumia, na wengine hupofuka ghafla. Hupimwa kwa kitambaa kidogo cha kufunga kwenye mguu wa mbele au mkiani. Yapo pia maumivu ya viungo, maradhi ya figo, na kusahau kwa uzeeni, ambako huwapata paka wengi waliopita miaka 15. Kidawa anaweza kuwa na moja au mawili ya hayo kwa pamoja, na daktari ndiye atakayeyatenganisha.

Sasa, mama yangu, tufanye kazi. Kidawa akiwa macho na ametulia, simama nyuma yake, mbali kidogo, mahali asipokuona na upepo usipomletea harufu yako. Usikanyage kwa nguvu, maana paka kiziwi husoma mtikisiko wa sakafu kwa nyayo. Gonga kijiko kwenye sufuria mara moja. Tazama masikio. Paka anayesikia hawezi kuyazuia; sikio moja litageuka kabla kichwa hakijageuka. Yakibaki kama yalivyo, rudia kesho na keshokutwa. Ukiona hayatikisiki, umelipata boya.

Hata hivyo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wengi wao kwetu wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo usione haya kumtajia mwenyewe mambo matatu: homoni ya thairoidi, figo, na presha. Mweleze kama Kidawa anakunywa maji kuliko zamani na kama amekonda. Na tafadhali usimpe Panadol hata kipande, akilia namna gani. Kwa paka hiyo ni sumu ya kuua.

Nyumbani, weka taa ndogo ukumbini usiku kucha, maana aliyepoteza masikio hutegemea macho. Usihamishe makochi. Chakula cha mwisho mpe saa nne, mnapokwenda kulala. Trei ya mchanga na bakuli la maji viwe karibu na anapolala. Kumkemea hakusaidii: kukemea kwenyewe hakusikii, na hata angekusikia, ukubwa wa ile sauti haumo mikononi mwake.

Kwa nini saa tisa? Kwa sababu mchana Kidawa anawaona. Anajua nani yuko jikoni, nani yuko kibarazani, na macho yanajaza pale masikio yalipotoboka. Usiku taa zinazimwa, milango inafungwa, na ukumbi unakuwa mkubwa. Sisi watu wa pwani tunalo jina la anachokifanya hapo. Anapiga hodi. Mgeni hupiga hodi akasubiri karibu. Asipoisikia huongeza sauti, na baada ya mara ya tatu huondoka. Kidawa yuko kwake, hana pa kuondokea. Na huenda karibu imejibiwa kila usiku, na mama aliyekaa kitandani akimwita jina lake gizani, nayo haijafika.

Basi mwitikie karibu kwa njia nyingine. Lisogeze boksi lake hadi chini ya kitanda chako, ulitandike kanga uliyoivaa mchana. Akianza kulia, gonga sakafu kwa kisigino mara mbili, ajue kuna mtu, kisha teremsha mkono umwekee mgongoni, usiseme kitu. Ngoja. Paka anapokoroma kwa raha, koo lake hutikisika mara 25 hadi 30 kwa sekunde, na mtikisiko huo hupita kwenye mifupa na kwenye ngozi. Wewe utausikia kwa kiganja. Yeye atausikia mwili mzima, na kwa muda huo atakuwa anajisikia.