Wapanda farasi wa kasi: somo kutoka Chala na Kahe

Anayecheza Rise of Kingdoms kwenye simu hakawii kukutana na makamanda wawili wa wapanda farasi, Belisarius na Cao Cao. Wengi huwatuma wakavunje ngome, kisha wakalaumu gemu. Vipaji vyao ni vya mwendo na vya kuwinda makundi yanayozagaa kwenye ramani. Katika gemu hiyo farasi humlemea mpiga mishale, lakini hulemewa na askari wa miguu. Kazi hasa ya kamanda wa namna hii ni kuwahi mahali, na mfano mzuri tunao hapa hapa Moshi, Machi 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Tarehe 12 Februari mwaka huo, askari wa miguu wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza, walikiendea uso kwa uso kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika wakawarudisha. Jenerali Jan Smuts, aliyeshika uongozi siku chache baadaye, hakutaka kurudia. Usiku wa 7 Machi alimtuma Jaap van Deventer na brigedi yake ya farasi wazunguke kaskazini hadi Ziwa Chala, kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro. Salaita ikahamwa kabla haijapandwa. Vilima vya Latema na Reata viligombewa usiku kucha kati ya 11 na 12 Machi, damu ikamwagika sana, lakini kulipokucha Wajerumani walikuwa wakiondoka: farasi walikuwa juu ya mteremko, wakielekea njia ya Moshi nyuma yao.

Tena wapanda farasi hao hawakupigana juu ya tandiko. Walishuka, wakaacha farasi kwa wenzao, wakafyatua bunduki kama askari wa miguu. Farasi alikuwa usafiri.

Mpango ulipwaya upande wa pili. Jenerali Stewart wa Waingereza alitoka Longido azunguke mlima kwa magharibi na kufunga mlango, akachelewa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akashuka Kahe, kwenye reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Tarehe 21 Machi van Deventer alizunguka tena kutoka Moshi, akatwaa kilima na stesheni ya Kahe, na usiku ule Wajerumani wakavuka Ruvu. Waliacha mzinga mkubwa uliotolewa kwenye Königsberg, manowari iliyoangamia Rufiji mwaka 1915. Mzinga ulipatikana, jeshi likaponyoka.

Kwenye simu kosa la Stewart ndilo la kila siku. Kamanda wa kasi anafika, mwenzake wa kuziba njia bado yuko nusu ramani, na adui anarudi mjini kwake salama. Atangulie kuondoka yule mzito. Wa farasi aondoke mwisho. Na usichanganye vikosi: msafara hutembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, kwa hiyo mitambo michache ya kuvunjia kuta inatosha kumfanya Cao Cao atambae.

Kuna pia gharama, na hapa gemu ina huruma kupita kiasi. Nguvu za kushambulia hujirudia zenyewe ukilala. Van Deventer alipopita Lolkisale mapema Aprili na kuingia Kondoa tarehe 19, mvua za masika, mbung'o na ugonjwa wa farasi vilikuwa vimemmalizia mamia ya wanyama. Chakula kilibaki nyuma kwenye matope. Von Lettow-Vorbeck alimvamia usiku wa 9 Mei, na kikosi kilichokuwa tishio kwa sababu ya mwendo kikapigana kimejibanza mahali pamoja. Hakikuendelea na safari hadi mwishoni mwa Juni. Mchezaji aliyefikishwa hapo amtoe kamanda wake wa kasi ukutani, aweke wa ulinzi.